Maneno ya Chuoni: Somo kwa Anayejiandaa Kujiunga na Masomo ya Afya

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, msomaji ataweza: (a) kutaja ngazi za tuzo zinazotolewa na vyuo vya afya nchini Tanzania na kuzitofautisha, (b) kueleza hatua za udahili na wajibu wa mwombaji katika kila hatua, (c) kusoma matokeo ya chuo na kukokotoa wastani wa alama, na (d) kumtambua mwanafunzi, mtarajali na daktari bingwa anapokutana nao wodini.

Utangulizi

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa na madirisha ya maombi yanapofunguliwa, vijana, wazazi na watumishi wa afya walioko kazini hukutana na lugha ambayo hawakuwahi kufundishwa darasani: udahili, ithibati, tahasusi, sifa linganifu, krediti, utarajali. Wengi huyapita maneno haya kwa kukisia. Hudhani kwamba mtu aliyefaulu vizuri hahitaji kuhangaika na istilahi za ofisini, na kwamba yote yataeleweka akishafika chuoni.

Dhana hiyo ina gharama. Lugha ya chuo ni lugha ya kiutawala, na kila neno lake kuu limebeba agizo, ahadi au tarehe. Asiyejua tofauti ya kuchaguliwa na kuthibitisha anaweza kupoteza nafasi aliyoipata kwa haki. Asiyejua tofauti ya usajili na ithibati anaweza kulipa ada ya miaka mitatu katika kozi isiyomfikisha alikokusudia. Mgonjwa naye asiyejua mtarajali ni nani anaweza kuogopa bila sababu, au kunyamaza pale alipostahili kuuliza. Kwa hiyo somo hili linawahusu wote wawili: anayetaka kusomea afya, na anayetibiwa na wasomi hao.

Namna ya kujifunza neno la chuo

Kukariri maana peke yake hakutoshi. Kila unapokutana na neno jipya katika tangazo au barua ya chuo, jiulize maswali manne. Kwanza, ni nani anayelisema: chuo, tume, bodi ya mikopo au baraza la taaluma? Pili, linanitaka nifanye nini? Tatu, mwisho wa kulifanya ni lini? Nne, nisipolifanya itakuwaje? Neno ambalo umelipatia majibu manne umelijua. Neno ambalo unajua tafsiri yake tu bado linaweza kukukwamisha.

Tutatumia maswali haya katika sehemu zote zinazofuata.

1. Majina ya ngazi

Tuzo ni jina la jumla la kile ambacho chuo humpa mhitimu. Tuzo za elimu yetu zimepangwa kwa ngazi, na katika vyuo vya afya ngazi zinazotajwa zaidi ni hizi:

Astashahada ya awali ni ngazi ya 4, na astashahada ni ngazi ya 5. Stashahada ni ngazi ya 6; wengi huiita diploma. Shahada ni ngazi ya 8, nayo mitaani huitwa digrii. Shahada ya uzamili ni ngazi ya 9, na shahada ya uzamivu ni ngazi ya 10.

Neno uzamivu linatokana na kitenzi kuzama. Mzamivu ni mtu anayepiga mbizi kutafuta kitu chini ya maji, na msomi wa ngazi hiyo ndiye anayezama katika utafiti mpaka alete jambo jipya. Anayelikumbuka hilo hatachanganya uzamili na uzamivu tena.

Hapa pana jambo ambalo wagonjwa huuliza mara kwa mara. Mwenye shahada ya uzamivu huitwa Dokta hata kama taaluma yake ni historia au uhandisi. Daktari wa tiba ni mtu mwingine: amesoma Shahada ya Udaktari wa Tiba, ambayo hapa nchini huchukua miaka mitano, kisha akafanya utarajali wa mwaka mmoja. Akitaka kuwa daktari bingwa hurudi chuoni kusoma uzamili katika fani moja, kama vile upasuaji, magonjwa ya watoto au magonjwa ya wanawake na uzazi. Akiendelea tena katika tawi dogo la fani hiyo huitwa daktari bingwa bobezi.

Tabibu, ambaye wananchi wengi hukutana naye katika zahanati na kituo cha afya, ana stashahada ya utabibu. Naye ni mtaalamu kamili wa ngazi yake. Kumwita daktari kwa heshima si kosa la adabu, lakini anayepanga masomo lazima ajue kwamba utabibu na udaktari wa tiba ni kozi mbili, zenye sifa tofauti za kujiunga na muda tofauti.

Mwisho katika sehemu hii, tahadhari kwa watumishi: cheti cha mahudhurio cha mafunzo ya siku tano si tuzo ya kitaaluma. Mafunzo hayo yana faida kubwa, na huweza kuhesabiwa katika mafunzo endelevu ya kitaaluma yanayohitajika ili kuhuisha leseni. Hata hivyo, hayampandishi mtu kutoka astashahada kwenda stashahada.

2. Neno moja, maana tatu: usajili

Pengine hakuna neno la chuo linalowachanganya watu kuliko usajili. Sababu ni kwamba hutumika mahali patatu.

Usajili wa chuo ni ruhusa ya taasisi kuwepo na kufundisha. Kwa vyuo vya astashahada na stashahada, mwenye mamlaka ni Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, linalofahamika kwa kifupi NACTVET. Baraza hili liliitwa NACTE hadi mwaka 2021, ndiyo maana nyaraka za zamani zina jina hilo. Kwa vyuo vikuu, mwenye mamlaka ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, iliyoanza kazi mwaka 2005.

Usajili wa mwanafunzi ni tendo la mtu aliyedahiliwa kufika chuoni, kuwasilisha vyeti halisi, kulipa kinachotakiwa na kuingizwa katika orodha ya wanafunzi. Vyuo hutaka usajili ufanyike katika siku maalumu za mwanzo wa mwaka au muhula.

Usajili wa mtaalamu huja baada ya kuhitimu. Hufanywa na baraza la taaluma: Baraza la Madaktari Tanganyika kwa madaktari wa Tanzania Bara, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kwa wauguzi na wakunga, Baraza la Famasi kwa wafamasia, na mabaraza mengine kwa fani zao. Bila usajili huu na leseni hai, cheti kizuri cha chuo hakimpi mtu ruhusa ya kugusa mgonjwa.

Jirani wa usajili ni ithibati. Neno hili ni ndugu wa thabiti na thibitisha. Ithibati ni ushahidi kwamba mamlaka imekagua mtaala, walimu, maabara na mazingira ya kufundishia, ikaridhika kwamba vinafikia viwango. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa huku kozi fulani ndani yake ikiwa bado haijaidhinishwa. Kwa hiyo swali la mwombaji lisiishie kwenye “chuo kimesajiliwa?” Aulize pia: “Kozi hii ninayoitaka imeidhinishwa? Na baraza la taaluma husika litanisajili nikihitimu?” Majibu yatafutwe katika orodha za NACTVET au TCU na kwa baraza la taaluma. Maneno ya mtu anayesambaza vipeperushi stendi ya mabasi hayatoshi.

3. Safari ya maombi

Udahili hutokana na asili ya Kiarabu yenye maana ya kuingia. Ni uamuzi wa chuo wa kumkubali mwombaji katika kozi fulani. Kabla ya kufikia hapo kuna maneno kadhaa.

Tahasusi ni mkusanyiko wa masomo aliyosoma mwanafunzi kidato cha tano na sita. Kwa kozi nyingi za shahada za afya, tahasusi inayotajwa ni ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, maarufu kama PCB. Alama za kidato cha sita hugeuzwa kuwa pointi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu pointi. Mtu mwenye C ya Fizikia, B ya Kemia na B ya Baiolojia ana pointi 11.

Sifa za kujiunga ni kiwango cha chini ambacho chuo hakiwezi kumpokea mtu chini yake. Kuwa nazo si ahadi ya nafasi. Kozi yenye nafasi 100 ikiombwa na watu 1,000 wenye sifa, 900 watakosa wakiwa na sifa zao mkononi. Ndiyo maana inafaa kupanga chaguo zaidi ya moja na kuweka angalau kozi moja ambayo ushindani wake ni mdogo.

Sifa linganifu ni sifa za yule ambaye hakupitia kidato cha sita, bali ana stashahada inayotambuliwa. Njia hii ndiyo ya watumishi wengi wa afya wanaotaka shahada. Hapa mwombaji hutazamwa kwa wastani wa alama zake za stashahada pamoja na masomo fulani ya kidato cha nne. Hivyo, cheti cha kidato cha nne hakipotezi umuhimu wake hata baada ya miaka kumi kazini.

Mwenye stashahada anahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa kifupi AVN. Hutolewa na NACTVET kwa mhitimu ambaye matokeo yake yamewasilishwa na chuo chake. Wapo wanaoikumbuka siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, kisha wakagundua kwamba matokeo yao hayajafikishwa kule yanakotakiwa. Anayekusudia kuomba mwakani aitafute mwaka huu.

Dirisha la udahili ni kipindi cha kupokea maombi. Hugawanywa katika awamu: nafasi zikibaki baada ya awamu ya kwanza hutangazwa awamu ya pili. Kwa shahada ya kwanza, waombaji hutuma maombi moja kwa moja vyuoni, utaratibu ulioanza mwaka wa masomo 2017/2018. Kwa astashahada na stashahada za afya, waombaji wamekuwa wakitumia mfumo wa udahili wa pamoja wa NACTVET. Utaratibu huweza kubadilika, hivyo mwongozo wa udahili wa mwaka husika usomwe wenyewe, na si ule wa kaka au dada aliyetangulia.

Sasa tufike kwenye maneno matatu yanayowaangusha wengi: kuchaguliwa, kuthibitisha na kusajiliwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Muuguzi wa zahanati mwenye stashahada ameomba shahada ya uuguzi katika vyuo viwili, na vyote viwili vimemchagua. Anapokea ujumbe wa simu. Anasoma neno “umechaguliwa”, anawaaga wenzake kwa furaha na kuanza kukusanya ada. Mstari unaofuata, unaomtaka athibitishe chuo kimoja kwa namba maalumu ya siri kabla ya tarehe fulani, hakuutilia maanani. Tarehe inapita. Anapofika chuoni na begi lake, jina lake halimo katika orodha.

Muuguzi huyu hakukosa akili wala bidii. Alikosa tofauti kati ya maneno mawili. Kuchaguliwa ni neno la chuo kwa mwombaji. Kuthibitisha ni jibu la mwombaji kwa mamlaka. Jibu lisipotolewa, nafasi huweza kupotea. Na hasara haiishii kwake: zahanati iliyotarajia kumpata tena baada ya miaka minne itasubiri mitano, na kliniki ya wajawazito nayo itasubiri pamoja nayo.

Kwa mtumishi wa umma kuna neno moja zaidi: ruhusa ya masomo. Hii hutoka kwa mwajiri, kwa maandishi, kabla ya kuondoka kazini. Barua ya udahili si ruhusa ya masomo. Anayeondoka kwa barua ya chuo pekee anaweza kuhesabiwa kuwa mtoro.

4. Maneno ya fedha

Ada ya maombi hulipwa ili maombi yapokelewe, na kwa kawaida hairudishwi hata mwombaji akikosa nafasi. Ada ya mafunzo ni gharama ya kufundishwa. Michango mingine hujumuisha usajili, mitihani, kitambulisho, bima ya afya na serikali ya wanafunzi. Katika kozi za afya ongeza koti jeupe, sare, vifaa vya kupimia na nauli za kwenda vituo vya mafunzo kwa vitendo. Mzazi anapoambiwa “ada ni kiasi hiki”, aombe jedwali zima la gharama.

Mkopo hurejeshwa, ufadhili na ruzuku havirejeshwi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, hugawa mkopo katika vipengele: chakula na malazi, ada ya mafunzo, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, na utafiti. Mwanafunzi anaweza kupewa kipengele kimoja na kunyimwa kingine, au kupewa asilimia tu ya kipengele. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024, mikopo ilifunguliwa pia kwa baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo za afya.

Fedha za chakula na malazi ndizo wanafunzi wanazoziita bumu. Rufaa, katika lugha ya mikopo, ni maombi ya kutazamwa upya kwa aliyekosa au aliyepata kidogo, na ina dirisha lake. Muhudumu wa afya aliyezoea kumpa mgonjwa rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa asishangae: neno ni lilelile, maana imehama.

5. Maneno ya darasani

Mwaka wa masomo hugawanywa katika mihula miwili, na wanafunzi huita muhula semista. Mtaala ni mpango mzima wa kozi: malengo, masomo, muda na namna ya kupima. Mhadhiri hufundisha chuo kikuu, na mkufunzi hufundisha chuo cha kati. Mhadhara ni kipindi cha darasa kubwa ambapo mhadhiri hueleza. Semina ni kikundi kidogo ambapo mwanafunzi ndiye anayetakiwa kuzungumza. Anayehudhuria semina kama mhadhara, akaketi na kusikiliza tu, hupoteza sehemu ya mafunzo na pengine ya alama.

Tathmini endelevu ni alama zinazokusanywa kabla ya mtihani wa mwisho kupitia majaribio, kazi za nyumbani na mazoezi ya vitendo. Wanafunzi huziita koswaki. Mwenye alama duni katika tathmini hii huweza kuzuiwa kufanya mtihani wa mwisho, kwa kadiri ya kanuni za chuo.

Krediti ni uzito wa somo. Krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, zikiwemo za darasani, za maabara na za kujisomea. Mwaka kamili wa masomo ya shahada una krediti zisizopungua 120, yaani saa 1,200. Anayedhani kwamba chuo ni saa za mhadhara tu ahesabu tena.

Wastani wa alama, ambao wengi huuita GPA, hupatikana kwa kuzidisha pointi za kila somo na krediti zake, kujumlisha, kisha kugawa kwa jumla ya krediti. Chukua mwanafunzi mwenye masomo matatu katika mfumo ambao A ni pointi 5, B+ ni 4 na B ni 3. Amepata A katika somo la krediti 10, A nyingine katika somo la krediti 10, na B katika somo la krediti 20.

Somo la kwanza: 5 × 10 = 50.
Somo la pili: 5 × 10 = 50.
Somo la tatu: 3 × 20 = 60.
Jumla ni 160. Krediti zote ni 40. Wastani ni 160 ÷ 40 = 4.0.

Angejumlisha 5, 5 na 3 kisha akagawa kwa tatu angepata 4.3, naye angejidanganya. Somo lenye krediti nyingi huvuta wastani kuelekea kwake, hivyo ndilo linalostahili muda mwingi zaidi.

Mtihani wa marudio hufanywa na aliyeshindwa somo katika mtihani wa kwanza. Wanafunzi husema “ana sapu”. Kusitishwa masomo ni kuondolewa chuoni kwa sababu ya matokeo au nidhamu. Mitaani ni “kudisko”. Kuahirisha masomo ni jambo jingine kabisa: mwanafunzi mgonjwa, aliyejifungua au aliyefiwa huomba kwa maandishi kusimama kwa muda, akapewa idhini, na nafasi yake ikatunzwa. Mwanafunzi anayeugua akanyamaza na kukosa mitihani huweza kusitishwa, hali angeweza kuahirisha. Daktari au muuguzi anayemtibu mwanafunzi analijua hili vizuri zaidi akimkumbusha: “Barua ya hospitali umeshaipeleka chuoni?”

Kumaliza na kuhitimu pia si kitu kimoja. Aliyefanya mtihani wa mwisho amemaliza. Aliyepitishwa na Seneti ya chuo kikuu, au na chombo chenye mamlaka katika chuo cha kati, ndiye mhitimu. Matokeo ya awali, hata yakiwa mazuri kiasi gani, husubiri idhini hiyo.

6. Maneno ya wodini

Masomo ya afya yana darasa ambalo vyuo vingine havina: kitanda cha mgonjwa. Maneno yake yanapaswa kujulikana na mwanafunzi na mgonjwa pia.

Mafunzo kwa vitendo hufanyika hospitalini au katika jamii. Mzunguko, au rotesheni, ni zamu ya majuma kadhaa katika idara moja kabla ya kwenda nyingine. Raundi ni matembezi ya timu ya wataalamu kutoka kitanda hadi kitanda wakijadili hali ya kila mgonjwa. Logibuku ni daftari ambamo mwanafunzi huandika kila alichokifanya, na msimamizi hutia saini. Saini hiyo inasema: nimemwona akifanya, naye anaweza. Ikiombwa kwa hisani, anayedanganywa mwishoni ni mgonjwa.

Mwanafunzi bado hajahitimu. Hagusi mgonjwa bila usimamizi. Mtarajali, ambaye wengi humwita intani, amehitimu masomo lakini yuko katika mwaka wa kufanya kazi chini ya uangalizi kabla ya usajili kamili. Rezidenti ni daktari kamili anayesomea ubingwa. Kwa hiyo kundi la makoti meupe linaloingia wodini asubuhi lina watu wa viwango mbalimbali, na mgonjwa ana haki ya kujua nani ni nani.

Ridhaa ni ukubali wa mgonjwa baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Kunyamaza si ridhaa. Mwanafunzi aanze hivi:

“Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tatu. Ninajifunza chini ya daktari wa wodi hii. Naomba ruhusa yako nikuulize maswali machache na nikupime tumbo. Ukiona si sawa, usisite kukataa. Matibabu yako yataendelea vilevile.”

Na mgonjwa, asipojitambulishiwa, aseme kwa upole: “Marahaba mwanangu. Naomba nijue wewe ni nani, na anayekusimamia ni nani.” Swali hili si utovu wa adabu. Mwanafunzi mwema hulipokea kwa shukrani.

7. Lugha mbili katika daftari moja

Masomo ya vyuo vya afya nchini hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali wagonjwa wengi huzungumza Kiswahili. Mwanafunzi huandika istilahi kwa lugha moja na kuzitumia kwa nyingine. Njia nyepesi ya kujiandaa ni daftari lenye safu tatu: istilahi ya darasani, Kiswahili sanifu, na neno la mgonjwa. Kwa ugonjwa mmoja, safu ya pili itakuwa na “shinikizo la juu la damu” na ya tatu “presha”. Kwa mwingine, safu ya pili itakuwa na “kisukari” na ya tatu “sukari”.

Safu ya tatu ndiyo inayookoa maisha. Mzazi akisema mtoto ana degedege, mtaalamu anaelewa kwamba mtoto amepata mtukutiko, na moja ya sababu zake kubwa ni malaria kali. Lakini baadhi ya wazazi huiona degedege kuwa ugonjwa wa peke yake usiohusiana na malaria, na huanzia kwa mganga wa jadi. Mwanafunzi aliyeandika neno hili na imani inayolizunguka atajua la kumwambia mzazi, na jinsi ya kumwambia bila kumdharau.

Zoezi

1. Umepokea ujumbe kwamba umechaguliwa na vyuo viwili. Hatua inayofuata ni ipi?
2. Chuo kimesajiliwa. Je, hilo linatosha kulipa ada?
3. Mwanafunzi ana B+ (pointi 4) katika somo la krediti 12 na B (pointi 3) katika somo la krediti 8. Wastani wake ni upi?
4. Mwanafunzi amelazwa wiki mbili kabla ya mitihani. Aombe nini?
5. Mtarajali ana tofauti gani na mwanafunzi?

Majibu

1. Kuthibitisha chuo kimoja kabla ya tarehe ya mwisho, kisha kwenda kusajiliwa. 2. Halitoshi, kagua kama kozi yenyewe imeidhinishwa na kama baraza la taaluma linaitambua. 3. 48 + 24 = 72; 72 ÷ 20 = 3.6. 4. Kuahirisha, kwa maandishi, akiambatisha barua ya hospitali. 5. Mtarajali amehitimu na anafanya kazi chini ya uangalizi. Mwanafunzi bado hajahitimu.

Hitimisho

Ndugu msomaji, ukiwa na kijana nyumbani anayesubiri matokeo, au ukiwa wewe mwenyewe ni mtumishi unayefikiria kurudi masomoni, anzeni na kazi hii ndogo: chukueni mwongozo wa udahili wa mwaka huu, mpigie mstari kila neno lenye tarehe pembeni yake, kisha mjibu yale maswali manne. Ambalo hamkulipatia jibu, liandikeni na kuliuliza katika ofisi ya udahili ya chuo au katika dawati la msaada la mamlaka husika. Fanyeni hivyo kabla ya dirisha kufunguliwa, wakati ofisi hizo bado zina nafasi ya kuwasikiliza.